Mita Mbili za Mzee Wehliye

Ukitaka kumjua Matheka, usianze na uso. Uso wake ni wa mtu mpole, utakudanganya. Anza na shingo. Mtu aliyevuta mkokoteni Gikomba miaka ishirini na sita hana shingo kama yako wewe uliyeketi hapo ukisoma. Yake imenenepa kwa nyuma, imekomaa, na kola ya shati haijawahi kuizunguka ikafunga. Mkewe Kavinya, ambaye kazi yake ni kubadilisha zipu na vifungo vya nguo za mitumba, alishakata tamaa. "Hii shingo si ya kwenda nayo kanisani, Baba Koki," humwambia, na Matheka hucheka.

Alitoka Mwingi akiwa na miaka kumi na tisa, akaja Nairobi kwa mjomba wake mchonga vinyago afundishwe kazi. Siku ya tatu mjomba akaona kijana amevunja patasi ya pili, akasema basi, mikono hii Mungu hakuiumba kwa vitu vidogo. Akamshika mkono hadi soko la Gikomba, akamkabidhi kwa mahamali. Huko ndiko alikoota mvi, akivuta marobota ya mitumba kutoka kwa malori hadi vibandani, mvua au jua.

Sasa, kuna jambo la Gikomba lazima ulielewe, la sivyo utamwona huyu mtu mjinga tu. Pale karibu na mto kuna mwinuko mbaya, matope juu ya matope. Mkokoteni ukikwama pale, hakuna hamali anayepita. Hakuna! Hata kama mmegombana asubuhi, hata kama wewe mwenyewe umechelewa na mwenye mali anakutukana kwa simu. Unaweka mikono nyuma ya mzigo, unasukuma mpaka ufike juu, halafu unaenda zako. Aliyesukumiwa hageuki kukutazama, wala hasemi asante. Asante yake ni kumsukuma mwingine kesho. Matheka amesukuma na kusukumiwa hivyo mara ngapi? Usiniulize. Mikono yake hufanya hivyo bila kumshauri.

Kwenye jimu, ukumbi wa mazoezi, Matheka aliingia kwa mlango wa nyuma, kama mzigo. Asenath, mama aliyekuwa askari magereza akastaafu mapema, alifungua jimu ghorofani mtaa wa Umoja, juu ya duka la rangi na misumari. Vyuma vyake vilipofika, alimwita mtu wa mkokoteni. Matheka akavipandisha ngazi zote peke yake, safari baada ya safari, akipiga mluzi. Asenath akasimama juu ya ngazi, mikono kiunoni.

"Wewe mzee, una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

"Na hupumui?"

"Napumua, mama, ila sipumui ovyo."

Asenath akacheka sana, akamwambia arudi jioni, bure, afundishwe. Matheka akaenda kwa ajili ya kushangaa. Alikuta watu wa ofisini, wenye viatu vya rangi za maua, wakibeba gunia la mchanga, wanalipeleka kule, halafu wanalirudisha pale pale lilipotoka. Ala! Kavinya alipoelezewa alilia kwa kicheko. "Yaani hawana hata wa kumpelekea huo mchanga?" Lakini Matheka alirudi tena kesho yake, na kesho kutwa. Mle ndani mtu akibeba uzito watu humpigia makofi, na yeye hakuwa amepigiwa makofi tangu azaliwe.

Ndipo yakaja mashindano ya Vituo Nane. Ni rahisi kuyaeleza na ni balaa kuyafanya. Unakimbia kilomita moja, unaingia kituoni na kufanya kazi moja, unakimbia tena kilomita, unaingia kituo kingine, hivyo hivyo mara nane. Kuna kuvuta makasia ya mashine, kuna kubeba vyuma mikono miwili, kuna gunia la mchanga, kuna mpira mzito wa kutupa ukutani. Na kuna sledi, chuma kama kitanda kisicho na miguu, kimejazwa mawe ya chuma, nawe unakisukuma juu ya zulia huku zulia likikishika. Uzito ni ule ule na umbali ni ule ule popote yanapofanyika duniani, na jina lako na dakika zako huingia kwenye orodha moja ya wote. Mtu wa Umoja anafungua simu na kujiona alivyokaa karibu na mtu wa Brazili asiyemjua.

Asenath alikuwa na neno lake pembeni. Mgongo wa Matheka ulikuwa umeanza kumwuma, na daktari wa zahanati alimwambia wazi kwamba mkokoteni utamlaza mapema. Jimu ilihitaji mwalimu wa pili. "Nitakupa wewe," Asenath akamwambia. "Lakini wateja wangu ni watu wa simu. Wakitafuta jina la mwalimu wao, walikute kwenye orodha, tena juu. Ukiingia watatu wa kwanza wa umri wako, kazi ni yako." Usiku huo Matheka hakulala vizuri kwa furaha.

Katika jimu hiyo alikuwamo pia Mzee Wehliye. Mzee huyu ana duka la vitambaa vya jora Eastleigh, ameuza jumla na rejareja miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kurudi kwake akilalamika jora lilikuwa na upungufu. Sukari ilimshika, ikamkondesha, akaambiwa na daktari afanye mazoezi au aandike wasia. Akachagua mazoezi. Akiwa na miaka hamsini na nane alijiandikisha Vituo Nane, na wafanyabiashara wenzake wakamcheka mpaka chai ikawapalia. Yeye hakutaka kushinda mtu. Alitaka kumaliza tu, jina lake litokee kwenye ile orodha, awaonyeshe kwa simu, basi.

Wiki moja kabla, Asenath aliwakalisha wote chini akawasomea sheria kwa sauti ile ya magereza. "Sikizeni! Ukisaidiwa kazi na mtu, umetoka. Na aliyekusaidia naye ametoka. Hakuna kushikana, hakuna kusukumiana. Hapa kila mtu na mzigo wake." Matheka alitikisa kichwa kama wengine, akaweka sahihi kwenye karatasi kama wengine.

Siku ikafika. Ukumbi mkubwa, muziki wa kupasua masikio, taa, watu wa kila namna. Watu waliachiliwa kwa makundi, na Mzee Wehliye alitoka makundi mawili kabla ya Matheka. Matheka alipoachiliwa, akakimbia kilomita zake kama mtu aliyesahau umri. Kufika kwenye sledi, moyo ukacheka. Sledi kwake ilikuwa nini? Mkokoteni usio na magurudumu. Alishusha mabega, akasukuma kwenda, akarudi, akaenda, akarudi, mwamuzi wake akainua mkono: imekubaliwa. Akageuka kwenda kukimbia, na njia ya kutokea ilipita nyuma ya zulia la jirani.

Kwenye zulia la jirani alikuwa Mzee Wehliye. Sledi yake ilikuwa imebakiza kama mita mbili, na imekataa. Miguu ya mzee ilikuwa inateleza, kichwa kimeinama, jasho linadondoka kwenye zulia. Mwamuzi wake, msichana wa fulana nyekundu, alikuwa amepiga goti mbele akichunga mstari.

Matheka hakufikiria. Naapa hakufikiria! Mikono ilikwenda yenyewe, ikatua kwenye chuma kando ya mikono ya mzee, bega likashuka, na ile sledi ikaenda mita mbili kama imesikia habari njema. Kisha akaachia, akapita, kama vile watu wanavyopita kwenye ule mwinuko wa Gikomba.

Filimbi ikalia.

"Simama! Nani amesukuma?" Msichana amesimama. "Nimeona mikono minne! Mzee, nani amekusukumia?"

Hapo ndipo Matheka alipokumbuka alipo. Damu ikampanda usoni. Nyuma ya kamba walikuwapo vijana wawili waliopendeza, na mmoja akaitazama shingo ya Matheka, akamwambia mwenzake bila hata kupunguza sauti, "Si hao watu wa mkokoteni? Wanadhani wako Gikomba." Wakacheka. Kicheko hicho kilimwingia Matheka mahali ambapo hakujua pana tundu. Kazi ya jimu ilimpitia akilini, ndiyo, sitamsafisha. Lakini kwanza kabisa ilikuwa ni aibu. Shati zuri la mashindano, namba kifuani, makofi yote yale, kumbe watu wakimtazama wanaona mkokoteni.

"Ni wewe?" msichana akamwuliza.

"Mimi?" Matheka akasema. "Si mimi. Mimi napita tu."

Msichana akamgeukia mzee. "Mzee, ni huyu?"

Mzee Wehliye alikuwa ameshikilia chuma, anahema. Alitazama mikono ya Matheka. Kidole gumba cha kushoto cha Matheka hakina kucha, kilibanwa na gurudumu zamani, na huwezi kukiona halafu ukakisahau. Mzee alikitazama, akamtazama usoni. Kisha akasema taratibu, "Mimi nilikuwa nimeinama, binti yangu. Sikuona mtu."

Basi mzee akatolewa. Matheka akakimbia. Alimaliza, akawa wa tatu wa umri wake, akavishwa medali, akapigwa picha Asenath akimrukia shingoni. Ukiitazama hiyo picha utaona Asenath anacheka meno yote, na Matheka anatazama kando, kama mtu aliyeitwa na polisi.

Kazi alipewa Jumatatu iliyofuata, pamoja na ufunguo na fulana iliyoandikwa MWALIMU. Mkokoteni akauacha kwa binamu yake. Mgongo ukapoa. Ungedhani ni hadithi nzuri, sivyo? Lakini Mzee Wehliye aliendelea kuja kila asubuhi. Kila asubuhi Matheka alimfungulia mlango, akasema, "Salama, mzee?" na mzee akajibu, "Salama, mwalimu." Hakuongeza neno. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wa Matheka ulikuwa unawaka kila saa kumi na mbili na nusu, na alijifanya anapanga mikeka.

Alijipa visingizio, na alikuwa navyo vingi. Alisema moyoni kwamba mzee angetoka tu, asingemaliza. Akasema mzee ni tajiri, orodha itamsaidia nini? Akasema ni jambo dogo, litapita. Halikupita. Kule Eastleigh wafanyabiashara walikuwa wamefungua simu wakalitafuta jina la Wehliye, wakakuta pembeni yake pameandikwa ametolewa kwa kusaidiwa. Wacha maneno! Wengine walisema mzee alimlipa mtu amsukumie. Wengine wakamwita Mzee wa Kusukumwa, na mnunuzi mmoja, kwa mzaha eti, akapima upya jora alilokwisha kupimiwa. Hilo la jora lilimfikia Matheka kupitia kwa Aweys, kijana anayeuza viatu mkabala na duka la mzee, aliyepita jimuni kuulizia nafasi, naye alilisimulia akicheka. Matheka alienda chooni akakaa humo, medali yote na umwalimu wake wote, akitamani sakafu ifunguke.

Nyumbani alishindwa kula. Mwishowe akamweleza Kavinya yote, kuanzia sledi mpaka jora. Alitegemea nini? Labda alitegemea mkewe amwambie pole. Kavinya alikuwa anashona, akaiweka sindano chini.

"Umeninyamazia miezi miwili."

"Niliona aibu, Mama Koki."

"Na sasa umeniambia. Haya. Mimi ndiye niliyetolewa?"

Matheka akasukuma sahani kando.

"Mficha uchi hazai," Kavinya akasema. "Kinachoniuma si ile mikono yako. Ungepita bila kumsukuma mzee ningekushangaa. Ila umeikana. Mikono iliyotulisha sisi miaka yote, na ikamsomesha Koki, umesimama mbele za watu ukasema si yako." Kisha akashika sindano yake tena.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, wageni wapya walikuwa wamekuja kujaribu, watu kama kumi, na Aweys akiwemo. Asenath alimwambia Matheka awafundishe sledi na sheria zake. Mzee Wehliye alikuwa kwenye benchi pembeni akifunga kamba za viatu. Matheka akaonyesha jinsi ya kushusha mabega, jinsi ya kukanyaga. Kisha akafika kwenye sheria.

"Ukisaidiwa," akasema, "umetoka. Na aliyekusaidia... naye ametoka."

Aweys akacheka, akamtupia mzee jicho. "Kwani mwalimu, ni nani atamsaidia mtu bure? Si lazima mmeelewana kando?"

Wageni wakacheka. Mzee Wehliye aliendelea na kamba zake, hakuinua kichwa.

"Mimi," Matheka akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemsukumia Mzee Wehliye. Hakuniomba. Hakujua hata nakuja. Nilipoulizwa nikasema si mimi."

Asenath alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini polepole. Matheka alihisi masikio yanawaka, jasho linamtoka hata hajafanya zoezi, na aibu yote ya ile miezi miwili ikasimama wima ndani yake. Akamwendea mzee, akainama mpaka macho yakawa sawa na yake.

"Mzee, nisamehe."

Mzee Wehliye akamaliza fundo la kiatu cha pili. "Nilikujua siku ile ile," akasema. "Mizigo yangu imesukumwa Gikomba kabla wewe hujaja Nairobi. Najua mkono wa namna hiyo ni wa nini. Kunisukuma ulinisukuma mita mbili tu, Matheka, tena kwa moyo mzuri. Lakini kunikana umenikana kila asubuhi. Nilikuwa nasema, leo atasema. Unafungua mlango, unaniuliza salama, halafu unapanga mikeka."

"Niliona aibu, mzee."

"Na mimi je? Unadhani mimi sioni aibu? Wamenipimia jora upya dukani kwangu!" Hapo sauti ya mzee ilipasuka, na wageni wakaangalia chini.

Asenath akaja taratibu. Hakufoka, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nitawaandikia wenye mashindano leo hii," akasema. "Jina lako litaondolewa kwenye orodha, Matheka. Na mwalimu asiye na jina siwezi kumweka." Matheka alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni. Akampa. Akavua na ile fulana, akabaki na singlendi yake iliyotoboka begani, mbele ya wale watu wote.

Aliokota begi lake ili aondoke, lakini Mzee Wehliye akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Hawa ni kumi tu. Waliosema ni soko zima." Akatoa simu yake, akafungua kundi la wafanyabiashara wa vitambaa, watu zaidi ya mia mbili, akabonyeza pa kurekodi sauti, akaiweka mbele ya mdomo wa Matheka. "Sema hapa. Anza na jina lako na kazi yako, wajue ni nani."

Matheka akatazama ile simu. Kazi yake! Aweys alikuwa amesimama pale pale, hacheki tena.

"Mimi naitwa Matheka," akasema hatimaye, kwa sauti iliyofika hadi ngazini. "Ni hamali. Navuta mkokoteni Gikomba."